Kura Yangu Iko Kitisuru

Wairimu, mama,

Sasa hivi umemng'oa mheshimiwa mbunge wetu ukutani. Umepanda kitandani na soksi zako, ukachomoa msumari kwa vidole, ukaikunja kalenda yake katikati ya uso na kufungia vile viatu vyeusi vya chuo. Kabla hujafunga umetumbukiza kitambulisho chako kipya ndani ya kiatu cha kushoto, ati mwizi hawezi kufikiria hapo. Mimi nimesema tu, "Si ungemwacha afike Desemba." Ukacheka, halafu ukaacha kucheka. Ukasema, "Huyu alinikula mwaka mzima, mama. Wacha abebe viatu. Na kura mimi sitapiga, ata waniletee mashine yao hapa kwa mlango." Kisha ukatoka kwenda kutafuta kamba ya sanduku.

Nimebaki nikiangalia pale ukutani alipokuwa. Rangi ya hapo bado ni mpya, kijani kabisa, na sisi tumekuwa tukidhani nyumba yetu ni ya kijivu.

Ni saa tisa na kitu, Jumamosi. Kesho asubuhi unaenda Kisumu kusomea mambo ya stima. Kutoka hapa nasikia spika ya wale makarani wa kuandikisha wapiga kura, wako uwanja wa shule hapo chini, wanasema leo ndiyo mwisho wao Kabiria. Nimechukua daftari lako la Kiswahili la kidato cha pili, lina kurasa nyuma ambazo hukuandika. Mimi pia niliishia kidato cha pili, kwa hivyo tumekutana hapa. Ukiona nimekosea, usinitie wino mwekundu.

Sitakuandikia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo umeyajua kabla yangu. Ninakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, lakini siku zingine nakuita hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, tukakua pamoja, na mara nyingi wewe ndiye ulikuwa mkubwa. Ninachotaka kuandika ni kitu kimoja nilichokuficha. Lakini kitu chenyewe kimeshikana na vingine ambavyo sivielewi vizuri, kwa hivyo nikizunguka kidogo, nivumilie.

Unajua nimefua nguo kwa Mama Ella huko Kitisuru tangu uko darasa la nne. Wewe ulifika mara moja tu, ukaogopa mbwa, ukauliza mbona nyumba moja ina ngazi mbili. Mwaka ule kabla ya uchaguzi, makarani walikuja kuandikisha watu karibu na maduka ya kule. Nilikuwa nimetumwa sabuni. Hakukuwa na laini, karani mwenyewe alikuwa anasinzia. Mzee Barasa, soja anayelinda geti la kwa Mama Ella, alikuwa ametangulia. Akaniambia, "Kuja uweke vidole kwa mashine, mama fua. Huku hakuna kusukumana."

Ningeweza kusema nilijiandikisha kule kwa sababu laini ilikuwa fupi. Hivyo ndivyo nilimwambia Barasa. Ukweli, Wairimu, ni kwamba niliangalia ile barabara. Taa zake zinawaka. Shimo likitokea Jumatatu, kufikia Ijumaa limezibwa, na sijawahi kuona mtu yeyote wa kule akipiga kelele kwa sababu ya shimo. Nikajiambia, kura ya huku inasikika. Kule kwetu tunapiga kura mpaka vidole vinachubuka na maji bado yanakuja Alhamisi peke yake. Labda kosa si kura yetu, labda kosa ni mahali tunaiweka. Nikajiona kama mtu anayehamisha mche kutoka kwa kivuli kuupeleka kwa jua. Nikaweka vidole. Kile kikaratasi kidogo walichonipa nilikitia kwa sidiria, na niliporudi nikitembea nilijisikia mrefu.

Nyumbani nikakuambia nimejiandikisha hapa shuleni. Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliona utanicheka.

Siku ya kura nilifika kule kabla jua halijatoka. Nilikuwa nimevaa ile sketi ya kanisa na kiatu cha kufunika vidole, kwa sababu nilidhani nitapanga laini na wenye nyumba, sikutaka waniangalie miguu. Unajua nilipata nani? Masoja. Wapishi. Wa bustani. Kina mama fua wenzangu kumi na kitu, mmoja wao na aproni yake. Tukacheka. Mzee Barasa akasema, "Karibu kwa matajiri!" Laini yote ilikuwa watu ambao wangeulizwa wanaenda wapi kama wangesimama hapo siku nyingine.

Wenye nyumba walikuja, si kusema hawakuja, lakini wachache. Mama Ella na familia walikuwa wamepanda ndege kwenda Mombasa wiki nzima kabla, friza imejazwa, ati waone kwanza kama kutakuwa na fujo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja na dereva na kiti chake cha kukunja. Barasa akainuka kumpisha. Mzee akakataa, akainua mkono, akasema kwa sauti, "Hapana, hapana, leo sisi sote tuko sawa." Halafu akapita mbele.

Nimpigie nani? Hapo ndipo nilianza kuchanganyikiwa na sijawahi kutoka. Unakumbuka wale wawili waliotaka ugavana. Mmoja alisema ataongeza kodi ya majumba makubwa na mashamba ya mjini ili zahanati zipate dawa. Mwingine alisema hataongeza shilingi, mwenye ploti, mwenye nyumba za kupangisha, aachwe apumue. Ungeniuliza mimi, ningesema ni rahisi: Kitisuru watamtaka wa pili, Kabiria tutamtaka wa kwanza. Tumbo la kila mtu liko mahali pake.

Lakini Mama Ella alikuwa ananiambia nikipiga pasi, "Huyu wa zahanati ndiye mtu wa maana. Mimi nawaonea huruma watu wa chini." Nikamuuliza, "Na akiongezea hii nyumba kodi?" Akasema, "Aongeze tu. Kwangu si kitu." Nikafikiria, huyu mama amesoma, anaona mbali, na kama mwenye kuumia anamtaka, mimi ni nani. Nikampigia wa zahanati. Sikumpigia kwa sababu mimi ni mgonjwa au kwa sababu sina kitu. Nilimpigia kwa sababu tajiri aliniambia. Hilo nimekuja kulijua baadaye, nikiwa nakuna sufuria, na liliniuma kama chumvi kwa kidonda.

Siku iliyofuata nikapita kwa ile shule tuliyopigia kura Kitisuru, nikienda kazini. Wanabandika karatasi kwa mlango wa darasa, yenye hesabu ya kila mtu. Wa zahanati alikuwa amemwacha mwenzake mbali sana. Mama Ella akapiga simu kutoka Mombasa, akiwa na furaha, "Umesikia vile tumefanya? Kitisuru tumewaonyesha!" Na kwa redio jioni kulikuwa na bwana mmoja msomi, anasema hii ni ajabu, wenye nacho wa mitaa ya juu wamekubali kujitoza kodi kwa ajili ya maskini. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikasema kwa nguvu, peke yangu, "Bwana, hao wenye nacho ni mimi na Barasa!" Wewe ukaniuliza kutoka kitandani, "Mama unaongea na nani?" Nikakuambia naimba.

Nikacheka siku mbili. Halafu nikapita shule yetu hapa Kabiria nikasoma karatasi ya mlango wetu. Hapa alikuwa ameshinda yule wa wenye ploti. Tena sana. Sisi, ambao kati yetu wenye ploti hawajazi benchi moja la kanisa! Nikaenda kwa Mama Kevo saluni, alikuwa anasuka mtu, nikamuuliza. Nakumbuka maneno yake vizuri.

"Kwani wewe unafikiri mimi nitakuwa mpangaji mpaka nife?" akasema. "Niko na mpango wangu. Siku nikipata ka-ploti kangu, sitaki nikute kodi imeningoja kwa geti."

"Lakini saa hii huna."

"Saa hii sina. Na saa hii mwenye hii ploti akiongezewa kodi, ataitoa wapi? Kwa mfuko yake?" Akaninyooshea kitana. "Ataitoa hapa. Kwangu. Na kwako. Wewe ulipigia nani?"

Nikasema kura ni siri. Yule aliyekuwa anasukwa akasema, "Huyo alipigia wa zahanati, muone macho."

Wairimu, Mama Kevo hakuwa mjinga. Mimi ndiye nilikuwa nimekuja nikidhani wamedanganywa. Na bado, sikiliza, yule wao ndiye aliyeshinda, kodi ya majumba haikuongezwa, na mwenye ploti akatuongezea pesa ya kupanga nyumba mwezi wa pili, ati ni mambo ya serikali. Tukalipa wote, wa huku na wa kule. Kwa hivyo nani alipiga kura na tumbo lake na nani alipiga na tumbo la jirani, mimi sijui.

Nilimwambia Barasa hayo yote tukinywa chai hapo getini. Yeye hata hakushangaa. Akasema kwao, mashambani, hakuna habari ya tajiri na maskini siku ya kura. "Kwetu mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku mmoja wanapigia mtu mmoja. Tofauti ni mmoja anakuja na gari." Nikamuuliza sasa mbona hapa mjini mambo ni mengine. Akapuliza chai yake mpaka ikapoa. Akasema, "Hapa kila mtu anapiga kura akiwa peke yake. Hiyo ndiyo shida. Ama ndiyo raha. Bado naangalia."

Na mimi bado naangalia. Kuna siku naona nimeelewa, nikifika kwa daraja la kurudi nyumbani imenitoka. Watu wakisema "Kitisuru walipiga hivi, Kabiria walipiga hivi, Kisumu walipiga vile," nataka kuuliza, nani hasa? Nani alisimama kwa laini? Watakuambia hayo huko unakoenda, na hapa wameshaanza kuniambia. Juzi nikitoka kanisani mama mmoja akanishika mkono, "Unapeleka mtoto wako kule, na wale hawajawahi kupiga kura na sisi?" Nikamuuliza wale wanakula nini. Akasema ugali. Nikasema basi atashiba. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa na hilo neno. Huko kuna mama anaamka na beseni la dagaa wa omena kichwani, na mimi naamka na beseni la nguo za watu. Bei ya unga inatupiga siku moja, kwa mkono mmoja. Kura zetu zimepeana mgongo miaka yote hii. Ukikutana naye, muulize kwa nini. Usimuulize kwa ubishi, muulize vile ungeuliza mtu njia. Halafu unipigie, kwa sababu mimi nataka kujua kweli.

Sasa nifike mahali nilikuwa nakimbia.

Mwaka jana, fomu ya basari, ile pesa ya karo inayopitia ofisi ya mheshimiwa. Unakumbuka ulinijazia wewe mwenyewe, na herufi zako nzuri, ukaniambia nisiikunje. Nikaipeleka ofisini huku kwetu, nikapanga laini asubuhi yote. Karani akachukua kitambulisho changu, akakiandika kwa simu yake, akangoja, halafu akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu.

"Mama, wewe si wetu."

"Si wenu namna gani? Naishi hapo nyuma ya kisima."

"Kura yako iko Kitisuru." Akainua sauti ili laini isikie. "Jamani, kuna mtu wa Kitisuru hapa anaomba basari!"

Watu walicheka, mama. Walicheka vile watu hucheka wakiwa wamechoka, kwa roho yote. Mmoja akauliza nimeegesha gari wapi. Mama Kevo alikuwa nyuma yangu watu watatu, alikuwa ameleta fomu ya Kevo. Yeye hakucheka. Sijui mpaka leo kama hiyo ni sheria au ni karani yule tu, na sikuwa na nguvu ya kuuliza. Nilichukua fomu yako. Nikaikunja.

Nikaenda ofisi ya upande ule mwingine. Huko hawakunicheka, waliniita hata madam. Wakasema kura yangu wameiona, ni sawa, sasa nilete barua kwamba ninaishi huko. Nikamwomba Mama Ella. Huyo huyo anayetuonea huruma watu wa chini. Akashika kalamu, kabisa, ikagusa karatasi. Halafu akasema, "Lakini nikiandika unaishi hapa, si kesho wakili ataniambia wewe ni mfanyakazi wangu wa kudumu?" Akaiweka kalamu chini polepole, akanipa mkate wa ndizi niwaletee nyumbani. Ulisema ulikuwa mtamu.

Kwa hivyo nilikuwa mtu wa Kitisuru huku, na mtu wa huku Kitisuru. Nikarudi nikakuambia mheshimiwa amekata majina. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa hapo ukutani anatabasamu na hawezi kujibu. Ukalia ukiangalia ukuta. Halafu ukaenda saluni kwa Mama Kevo ukasuka watu nywele mwaka mzima, miezi kumi na miwili, kutoka kalenda yake ya mwaka jana mpaka hii, mpaka vidole vikakakamaa, na ndivyo unavyoenda chuo kesho, kwa vidole vyako. Nilimwomba Mama Kevo asikuambie. Akasema, "Hiyo ni ya kinywa chako, si yangu."

Mimi sisemi yule mheshimiwa ni mzuri. Shimo la hapo kwa kona amelikuta na atakufa akiliacha. Lakini mwaka wako hakuula yeye. Uliponiambia leo hutapiga kura maisha yako yote, ukakunja ule uso, niliona ni mimi unanikunja bila kujua. Nimekupa sababu ya uongo ya kukasirika, na wewe umejenga nyumba nzima juu yake. Hilo ndilo siwezi kukuacha upande nalo basi kesho.

Usiniulize sasa upige kura au usipige. Sina jibu, na ningekuwa nalo ningeogopa kukupa, maana mimi nilipewa nikipiga pasi na uliona ilikonipeleka. Ninachojua ni kidogo. Usiweke sauti yako mahali unapopapenda kwa macho. Nilidhani nikiiweka kwa barabara yenye taa, taa itanifuata mpaka Kabiria. Na mtu akikuambia "watu wa chini" au "watu wa juu," mngoje amalize, halafu uhesabu kimya kimya wale unaowajua kwa majina, uone kama wanaingia. Mimi siingii. Mama Kevo haingii. Hata Mama Ella, maskini, ukimwangalia vizuri, haingii.

Mpango wangu ulikuwa niifiche hii barua ndani ya sanduku, chini ya blanketi, uipate ukiwa mbali na usiweze kuniangalia. Ona sasa vile mimi ni mwoga. Mwanamke mzima. Lakini bado nina matumaini, Wairimu, sijui yanatoka wapi, yanakuja tu yenyewe kama wageni wa Jumapili. Naona utakuwa fundi wa stima, utapanda ile milingoti, na siku moja utaniwekea taa hapo kwa kona bila kumwomba mtu. Naona pia utanisamehe, lakini hilo silisukumi. Likichukua muda—

Nakusikia. Uko hapo kwa geti unaita mpaka majirani wanatoa vichwa.

"Mama! Wanafunga! Kuja na ID yako, na uniletee yangu, iko kwa kiatu!"

Nimekujibu kwani si ulisema hutaki. Umesema, "Sijasema nataka! Nimeshika tu laini! Harakisha, kumebaki watu wanne!"

Wacha basi nimfungue huyu mheshimiwa nitoe kitambulisho. Daftari nitalibeba hivi hivi, au niliache, maana heri nikuambie kwa mdomo tukishuka, kabla hatujafika kwa karani, itakuwa—

Unaita tena. Unasema, "Na nimekuulizia, mama, wamesema ya Kitisuru inahamishika, ni fomu moja tu!"

Wairimu. Mimi sikuwahi kukuambia iko Kitisuru. Ulijua tangu lini, na ukanyamaza mwaka mzima ukimlaumu yule wa ukutani, ili mimi nisiaibi—